Siku 44 bila tango

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Gombak, pembeni ya Kuala Lumpur, wakati mume wangu anamalizia masters yake, na kitu cha kwanza kukatazwa baada ya kujifungua ni tango. Sio sigara, sio pombe, tango. Siku ya pili nimerudi kutoka hospitali, jasho linanichuruzika, joto la kule linakung'ang'ania mwilini kama kanga iliyolowa, nikafungua friji nikatoa kipande cha tango nikakipaka chumvi, na mama mwenye nyumba wetu aliyekuja kumwona mtoto akaruka kwenye kochi kama vile nimeshika nyoka. "Eh! Tak boleh! Sejuk!" Yaani haifai, ni baridi. Akaninyang'anya. Kitu kiko mkononi kabisa, mtu mzima mimi.

Tulikuwa tunamwita Mak Cik, yaani shangazi au mama mdogo, ndivo wanavyoitwa akina mama wote wa makamo kule. Asili yake Terengganu, pwani ya mashariki, watoto watano, wajukuu sijui wangapi, na tangu siku ile ya tango akajipa kazi ambayo hakuna aliyemwomba, akawa ndo msimamizi wa pantang yangu.

Pantang ni mwiko. Mwanamke wa Kimalay akishajifungua anaambiwa yuko "dalam pantang", ndani ya mwiko, na anakaa humo siku 44. Sisi tumezoea arobaini kwa hiyo mwanzoni nikadhani nimesikia vibaya, nikauliza hizo nne za juu ni za nini, Mak Cik akanitazama kama nimeuliza kwa nini wiki ina siku saba. Wengine wanaishia 40, wengine wanavuta mpaka 60 au 100, Wachina wa hukohuko Malaysia wana mwezi mmoja wao. Ila ukisikia 44 ujue hapo ni kwa Wamalay.

Sasa hiyo sejuk. Sejuk ni baridi, lakini sio baridi ya friji, na hapo ndipo nilipotea karibu wiki nzima. Tango hata ulichemshe liwe supu inayofuka moshi, bado ni sejuk. Pilipili manga hata uilaze kwenye barafu, bado ni panas, moto. Ni asili ya kitu, sio hali yake ya sasa. Na mama aliyejifungua wanasema damu imemtoka na joto limetoka na damu, mwili umebaki baridi, vinyweleo vimefunguka, mishipa imelegea, sasa upepo unatafuta tu pa kuingilia. Kwao "urat" ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano, vyote humohumo, na mimi sikupata shida hata kidogo kuelewa maana Kiswahili nacho ni hivohivo, mtu anakwambia mishipa inamuuma na hakuna anayeuliza mshipa gani. Wazo lenyewe wala sio la Wamalay peke yao, tiba ya Kiyunani iliyokuja kupitia Waarabu inalo, Wahindi wanalo, Wachina wanalo, na ukiangalia nchi yenyewe ilivyokaa kwenye njia ya majahazi huwezi kushangaa kwamba yote yametua hapo.

Basi nikaanza kutajiwa vya baridi. Tango, tikiti maji, kabichi, boga, bilinganya, kangkung ambayo ni yale majani ya kuota majini, machipukizi ya mwanzi, na mkubwa wao wote dafu. Dafu! Yaani nchi ina minazi kila kona halafu siwezi kugusa dafu. Halafu kuna vya upepo kama fenesi. Halafu kuna vitu vyenye "bisa", sumu fulani hivi inayosubiri kidonda ili ikiamshe, na vya "gatal" vinavyowasha, na humo ndo wakaingia kamba, kaa, ngisi, taa na jodari wadogo. Mayai yalikuwa na utata. Nikauliza sasa mimi mtu wa pwani nile nini?

Wali wa moto. Samaki mkavu. Dagaa wao, ikan bilis, wamekaangwa wakakauka wakawa wanalia mdomoni. Na singgang, hii naomba niielezee maana hata leo naitamani, ni mchuzi wa samaki wa watu wa Kelantan na Terengganu, hauna nazi, hauna mafuta, samaki anachemshwa tu na manjano mabichi, khulinjani, kitunguu saumu na vipande vya tunda moja kali lililokaushwa la kutia uchachu, halafu kwa mzazi Mak Cik anatwanga pilipili manga anaimwaga humo bila huruma. Inashuka kooni unaisikia mpaka kwenye kitovu. Nilikuwa nalia na kula, pua inatoka maji, na yeye kasimama mlangoni anatikisa kichwa kwa kuridhika, panas hiyo, panas.

Halafu haruan. Huyu ni samaki wa maji baridi, mtoni na kwenye majaruba ya mpunga, ana kichwa kama cha nyoka, na sura yake kwa kweli hainogeshi hamu ya kula. Wanaamini anafunga vidonda, aliyejifungua kwa oparesheni ndo analishwa hasa, na hili halijaishia kwa mabibi maana watafiti wa Universiti Putra Malaysia wamemchunguza kwa miaka, protini zake na mafuta yake, na madukani kuna vidonge vyake. Mimi nilishonwa nyuzi chache tu nikapewa supu yake siku tano. Nyuzi zilipona. Zingepona na bila yeye? Labda, ila supu ilikuwa tamu ukishasahau kile kichwa.

Kitu kilichonichekesha ni kwamba hakuna watu wawili wenye orodha moja. Mak Cik aliruhusu kibua wa kuchoma, jirani wa Kelantan ghorofa ya chini akasema kibua? Hapana hapana, bisa. Mama wa kunikanda yeye akasema kibua sawa ila asiwe na mayai tumboni. Mkwe wa Mak Cik, msichana wa benki, akaninong'oneza kwamba yeye kwenye pantang yake alikuwa anakula ice cream chooni na hakufa. Kuna mwanaanthropolojia Mmarekani, Carol Laderman, aliishi kijijini Terengganu miaka ya 1970 akafuatana na wakunga wa jadi, na alichokiona yeye ni hichohicho, kwamba masharti yanasemwa kwa sauti ya sheria lakini watu wanayapima kwa miili yao, huyu anajaribu kidogo, asipodhurika basi kwake hicho chakula sio mwiko tena. Niliposoma hilo nilicheka nikakumbuka ice cream ya chooni.

Sasa nije kwenye tungku, chuma cha moto cha kumkandia mzazi.

Mama wa kunikanda alikuwa anakuja saa mbili asubuhi na pikipiki, wengine wanamwita bidan, mkunga, ingawa kuzalisha hazalishi. Zamani bidan kampung, mkunga wa kijiji, ndo alikuwa kila kitu, akija uchungu unapoanza anaondoka pantang ikiisha, lakini tangu sheria ya wakunga ya 1966 mambo yakaanza kuwa ya usajili na mafunzo, na siku hizi karibu wote wanajifungulia hospitali, bidan amebakiwa na mikono yake. Na mikono jamani. Anaanza miguuni na mafuta ya moto, anapanda, akifika tumboni anaingiza vidole chini ya kitovu anasukuma kwenda juu polepole, eti anarudisha mfuko wa uzazi mahali pake. Sijui kama ulikuwa umeenda popote.

Tungku yenyewe ni donge la chuma la duara lenye mkono, zamani lilikuwa jiwe la mtoni tu. Anaiweka juu ya jiko la gesi mpaka ipate moto kisawasawa, anaitandikia majani ya mengkudu, ule mti wa noni, yanalia chiiii, harufu inapanda kama ya majani mabichi yaliyomwagiwa uji wa moto, anaifunga na kitambaa mara mbili mara tatu, anaijaribu kwanza kwenye mkono wake wa ndani, halafu ndo anakuwekea. Kiunoni. Ubavuni. Chini ya tumbo. Kwenye nyayo. Nilikuwa nimeumwa mgongo tangu mimba ya miezi sita, na nakwambia chuma kile kilipokaa pale chini ya mgongo nikatoa mlio ambao mume wangu akaja mbio kutoka sebuleni akidhani naungua. Siungui baba, niache. Siku saba mfululizo, na siku ya saba nilitaka kumwambia yule mama ahamie kwangu.

Baada ya hapo anakupaka param mwili mzima, ni uji mzito wa unga wa mchele na viungo, kwenye paji la uso pilis, dawa nyingine ya kupaka ambayo ni ya kuzuia "damu nyeupe" isipande kichwani ikakuharibu macho, na tumboni mchanganyiko wa ndimu na chokaa, chokaa ileile ya tambuu. Kisha bengkung, kitambaa kirefu zaidi ya mita 10, anakizungusha kutoka kwenye nyonga kuja juu, kila mzunguko fundo, kila fundo anavuta na goti kaliweka pembeni yako, mpaka chini ya matiti. Unatembea kama askari wa gwaride. Na kutembea kwenyewe hatua ndogondogo, soksi miguuni ndani ya nyumba nyuzi joto 33, vigae ni baridi wanasema. Kulala asubuhi hakuna, ile damu nyeupe itapanda. Kuna kuoga maji ya moto yenye mchaichai na majani sijui mangapi, kuna kujifukiza ukikaa kwenye kiti chenye tundu, hilo wanawake wa kwetu sina haja ya kuwaeleza. Kuna na manjakani ya kubana, hilo nalo sina haja ya kulieleza.

Zamani kulikuwa na kali kuliko hii, bersalai, mzazi analazwa juu ya kitanda cha fito chini yake kuna makaa yanafuka, yaani anabanikwa. Mama yake Mak Cik alibanikwa hivo kwa kila mtoto. Mak Cik mwenyewe alipona, dada yake mkubwa alibaki na kovu la kuungua pajani. Alinionyeshea kwenye paja lake mwenyewe lilipokuwa, kwa kidole, akacheka.

Lakini neno nililolishika kuliko yote ni meroyan. Ukikiuka pantang upepo ukapanda, unapata meroyan, na wanaposema hivo wanamaanisha vitu vingi kwa pamoja, maumivu, homa, kutetemeka, lakini hasa akili kuchafuka, mzazi analia bila sababu, hamtaki mtoto, anaongea peke yake, anaweza kudhuru. Mtaani "gila meroyan" ni tusi, mwanamke akipiga kelele anaambiwa hivo. Lakini ndani ya nyumba nilikuta halisemwi kama tusi. Siku ya tisa nililia kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, sababu siijui, maziwa yamejaa, mtoto kalala, jua linawaka, mimi nalia tu. Mak Cik hakuniuliza nina nini. Alifunga dirisha, akanipaka pilis, akachukua simu akamwambia mume wangu usimwache peke yake leo na kesho na keshokutwa, na yeye akalala kwetu kwenye kochi siku tatu. Kwake yeye alikuwa anazuia upepo. Daktari angeniita jina lingine, angenipa karatasi ya maswali na tarehe ya kurudi, na ninaamini karatasi ile inahitajika maana kuna wanaozama zaidi ya kulia mchana mmoja na hao pilis haiwatoshi, wanatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Ila sijawahi kuona ugonjwa wa huzuni ambao jirani anaujua kwa jina na dalili na zamu ya kulinda.

Kulikuwa na mambo ya usiku pia. Wasichana wa siku hizi wanacheka lakini taa ya varanda haizimwi. Kuna pontianak, mwanamke aliyekufa na mimba yake, kuna langsuir aliyekufa akizaa, na kuna penanggalan ambayo ni kichwa kinachoruka chenyewe usiku na utumbo unaning'inia chini yake, kinafuata harufu ya damu ya uzazi. Nyumba za zamani zilikuwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao yenye mianya, kwa hiyo waliweka chini ya sakafu majani yenye miiba ya mengkuang, jamaa wa mkadi wetu, ili ule utumbo unase. Sisi tulikuwa ghorofa ya nne. Mak Cik alisema lifti ni mbovu kila siku, hakifiki.

Na kondo la nyuma. Hospitali walimkabidhi mume wangu kwenye mfuko, wakamwambia hii ni uri, wanajua Waislamu wanaitaka. Akaja nayo ameishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba bomu. Kimalay wengine wanaiita kakak, dada mkubwa wa mtoto, kwa hiyo huitupi, unaiosha, chumvi na ukwaju, unaifunga kitambaa cheupe unaizika. Kazi ya baba. Aliiosha bafuni amefumba jicho moja, Mak Cik anamwelekeza kutoka nje ya mlango, suuza tena, tena, akaizika kwenye bustani ya mtoto wake Mak Cik kwa sababu fleti haina udongo. Baadaye mtoto alikuwa akicheka peke yake usingizini wanasema kakak anamtania.

Sasa kitu kimoja ambacho sikukipenda na nitakisema. Maji. Mak Cik alikuwa ananipimia maji kama dawa, vikombe vidogo vya uvuguvugu, basi, ukinywa mengi mishipa inavimba na tumbo halirudi. Na mimi kwa adabu nikatii. Mama ananyonyesha, amefungwa mita kumi za kitambaa, amepakwa unga, amelishwa pilipili manga mara tatu kwa siku, joto lote lile, na maji vikombe vitatu. Siku ya sita kichwa kinapiga kama ngoma, mkojo rangi ya chai, choo ndo tusiongee. Nesi wa kliniki ya serikali alikuja, kule wanakutembelea nyumbani mara kadhaa kumpima mtoto, akamtazama akasema huyu anakuwa manjano, akambonyeza ngozi ya kifua, akachukua damu kisiginoni. Kisha akaona kwenye meza chupa yangu ya maajuni na mizizi ya kuchemsha. Huyu ni Mmalay pia, hijabu, mtoto wa palepale, hakudharau chochote. Akasema singgang kula, tungku endelea kama hukufanyiwa oparesheni, mboga za majani kula, haya ya kwenye chupa acha kwanza mpaka mtoto apungue rangi, na maji kunywa, nyonyesha kila saa mbili. Alisema mbele ya Mak Cik. Kimya kidogo kikapita. Mak Cik akasema "misi sekolah tinggi", nesi ana shule kubwa, akaenda jikoni akaleta jagi zima, ya uvuguvugu lakini.

Kwa hiyo ukiniuliza ningerudia nini nitakwambia tungku narudia kesho, kukandwa narudia, mtu wa kulala kwenye kochi ndo kabisa, kiu sirudii. Na kukataza mboga na matunda na mayai kwa mtu aliyetoka kupoteza damu sioni maana yake, ni vile tu mimi nilikuwa na nesi na mume wa kunimenyea chungwa.

Serikali yao nayo imekuja kwa upande huo, hospitali ya Kepala Batas kule Penang tangu 2007 ina kitengo cha tiba za jadi ndani ya hospitali, na kumkanda mzazi ni mojawapo ya huduma, na likizo ya uzazi kwenye sekta binafsi tangu mwanzo wa 2023 imekuwa siku 98 kutoka 60, mtu anaweza kumaliza pantang na bado akabaki na za kupumua. Mjini sasa ni biashara, unanunua pakeji ya siku tatu, saba, kumi na nne, mama anakuja na begi lake la tungku, mamia ya ringgit na zaidi ya elfu kwa pakeji ndefu. Mkwe wa Mak Cik alilipa. Mimi nililipa kwa sahani za pilau na kumfundisha mjukuu hesabu.

Siku ya 45 jioni tukashuka na mtoto mpaka kibanda cha dafu cha barabarani. Muuzaji kijana, kapelo, tishati ya timu ya mpira, kisu kirefu. Nikaagiza dafu la baridi kabisa lenye barafu nyingi. Akanyanyua kisu, akamwona mtoto mgongoni, akakishusha.

"Kak, dah habis pantang?"

Dada, pantang imeisha? Nikamwambia imeisha jana. Akanihesabia kwa vidole, mume wangu akaapa kwamba ni kweli. Akalipasua, akanikabidhi bila barafu.